Kitanda Asichofia Keziah

Xenia, Ohio
21 Februari 1993

Charisse mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa jina la theluji, maana hapa Xenia ndivyo viwili vinavyotawala kwa sasa. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini goti langu hulalamika hata siku ya Pasaka. Mjomba wako Lucius ametimiza miaka tisini. Tulimwokea keki, akasema ni kavu, akala vipande vitatu. Mchungaji mpya anahubiri kwa ufupi mno na washarika wameanza kumshuku. Kaburi la baba yako nililisafisha kabla ya baridi kushika. Jiwe limesimama wima, jambo ambalo kaka yangu mwenyewe siku za Jumamosi lilikuwa likimshinda.

Nimefurahi kusikia umepata kazi. Tena wapi! Katika nyumba ya Lucretia Holcomb, yule mama wa kizungu aliyeandika kitabu cha kupinga utumwa kikaliza nusu ya Amerika. Nimelitangaza kanisani. Nilisimama nikasema, "Mtoto wa kaka yangu ni mwongoza wageni katika nyumba ile ile alimopika bibi yetu Keziah." Dada Earline akauliza kama ni kazi ya kudumu. Unamjua Earline.

Sasa nisikilize. Kamati ya mkutano wa ukoo imekaa sebuleni kwangu. Kamati ni mimi, Lucius, na simu kutoka Detroit. Tumeamua kwamba mwaka huu hatuli kuku bustanini hapa kama miaka yote. Tunakodi basi tunakuja Wexbury, uzao mzima wa Keziah, kuiona nyumba hiyo na jiko lake. Katika sisi sote ni Lucius tu aliyemwona Keziah kwa macho. Bibi huyo alimfinya Lucius sikio akiwa mtoto, na mpaka leo anasema linamwasha mvua ikikaribia. Anataka aliingie hilo jiko kabla hajazikwa, na hapo hapo ndipo atakapoita matawi.

Natumaini hujasahau kuita matawi. Tangu tumzike Keziah hakuna mkutano wetu ulioanza bila hilo: mkubwa wetu anataja watoto tisa wa Keziah mmoja mmoja, na uzao wa kila mmoja unaitikia, "Tupo!" Tawi lisiloitikia linahesabiwa limekauka. Letu la Lavinia, kitinda mimba, huitwa mwisho, na tumebaki wawili, mimi na wewe. Mwaka jana hukuja. Niliitikia peke yangu na sauti ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa chooni. Sitaki tena aibu ile.

Basi niambie jiko likoje, na wewe hasa unafanya nini mchana kutwa. Jibu kwa barua. Simu kwangu ni ya misiba.

Shangazi yako,
Odessa


Wexbury, Connecticut
14 Machi 1993

Shangazi, shikamoo.

Mimi sijambo, isipokuwa mafua ya huku, ambayo hayaondoki, yanabadilisha pua tu. Mwenye nyumba wangu amenunua paka wa pili ili wa kwanza asijisikie mpweke, na sasa wote wawili wanalala kwangu. Mpe Mjomba Lucius pongezi zangu na umwambie keki isipokuwa kavu huwa haijaiva.

Nyumba ni nzuri sana. Imehifadhiwa kama ilivyokuwa, na mbele ya kila kitu kuna kamba nyekundu ya mahameli: mbele ya kiti cha Bi Holcomb, mbele ya kalamu yake, mbele ya chungu chake cha kukojolea. Mkurugenzi wetu ni Daktari Prentiss, bwana mpole aliyeandika kitabu kizima kuhusu mapazia ya nyumba hii. Anayewazungusha wageni ni Bi Thayer, amejitolea hapa miaka mingi. Anavaa boneti, ile kofia ya kizamani ya kufungwa kidevuni, hata akienda posta, anamwita mwandishi "Lucretia wetu", na hulia mahali pale pale kila siku, kwenye neno lile lile. Nilidhani anaigiza. Siku moja nikamkuta analia peke yake, anafanya mazoezi.

Wageni wengi ni walimu wastaafu wa kizungu waliosoma kile kitabu shuleni. Wanafika na leso mkononi. Wakiniona wananisogelea, wanainamisha kichwa na kuniuliza kwa sauti ya hospitali, "Unajisikiaje kuwa hapa?" Mwanzoni nilikuwa najibu kwamba miguu inauma. Daktari Prentiss akaniomba nitafute jibu lenye kina.

Jiko lipo. Limebadilika kidogo. Kuhusu kazi yangu, nawasaidia wageni kuguswa na historia.

Ila Shangazi, kuhusu mkutano, nasikia kiangazi watajenga upya bomba la moshi. Vumbi litakuwa jingi na Mjomba ana kifua. Labda mngoje mwaka mwingine.

Ni mimi binti yako,
Charisse


Xenia, Ohio
4 Aprili 1993

Charisse mwanangu,

Marahaba. Mafua yachemshie kitunguu. Huku theluji imekwisha na matope yamerithi ufalme. Mchungaji ameongeza dakika kumi kwenye mahubiri, amani imerudi. Lucius amepewa meno mapya na sasa kila akisema "Keziah" anapiga mluzi.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya kamba na sentensi mbili juu ya jiko. Halafu "kuwasaidia wageni kuguswa na historia" ndiyo kazi gani? Mimi nilisambaza barua za watu miaka thelathini na moja. Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani nasema nilisambaza barua.

Niambie pia wanasema nini juu ya Keziah. Nakuuliza kwa sababu mwaka 1979 niliwaandikia watu wa makumbusho hayo nikawaeleza sisi ni nani. Walinishukuru kwa "mapokeo ya kinywa" na kunitumia kalenda. Mwezi wa Machi ulikuwa na picha ya pazia.

Hadithi unaijua, lakini naona hewa ya huko inasahaulisha. Kwenye kitabu, binti mtoro anayeitwa Selah anakufa kitandani ghorofani, ana miaka kumi na tisa, akiwasamehe wote mpaka mwenye mbwa waliomwinda. Huyo Selah ndiye Keziah wetu. Bi Holcomb alimpokea, hilo tunamshukuru, akampa kazi ya jikoni, kisha akawa anashuka na kalamu kumwambia, "Hebu simulia tena, polepole." Siku moja Keziah anakanda unga, mama huyo akashuka macho mekundu. "Keziah, leo nimekuua," akamwambia. Keziah akamuuliza chakula cha jioni ni cha watu wangapi.

Kitabu kikavuma. Wageni wakawa wanakuja kukililia kile kitanda, na wa kuwapelekea chai ni nani? Ni Keziah. Bwana mmoja wa Boston alipoambiwa kwamba huyo mwenye birika ndiye mwenyewe marehemu, alinuna, akasema safari yake imeharibika. Keziah alivumilia muda, kisha akaona mtu hawezi kuombolezwa na kutumwa maji kwa wakati mmoja. Akaja Ohio, akaolewa na mfua vyuma, akazaa tisa, akafa mwaka 1917 hasemezani na majirani wawili. Sasa je, hayo ndiyo wanayoyasema hapo?

Na bomba la moshi lijengwe tu. Hatuji kulipanda.

Shangazi yako,
Odessa


Wexbury, Connecticut
23 Mei 1993

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mafua yamekwisha, kitunguu kimebaki, paka wamehama kwa sababu ya harufu, na kwa hilo nakushukuru sana.

Nikwambie ukweli juu ya jiko. Jiko ni duka. Palipokuwa na meko pana rafu ya mishumaa. Mmoja unaitwa Uhuru, una harufu ya mdalasini. Mwingine unaitwa Dhamiri na kwa kweli haunuki chochote. Kuna taulo za kufutia vyombo zenye sura ya Bi Holcomb, hivyo unaweza kukausha sahani kwa paji la uso wake. Sikutaka Mjomba asafiri mbali hivyo aje aingie dukani.

Wanayoyasema juu ya Keziah ni mengi, na yote ni ya heshima.

Halafu kuna nyuki darini. Tena vyoo ni viwili tu. Mmewahi kufikiria Niagara? Maporomoko yale ni ya ajabu, na hayana kamba.

Ni mimi binti yako,
Charisse


Xenia, Ohio
27 Juni 1993

Charisse mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Lucius amerudisha meno kwa daktari, anasema yalikuwa ya mtu mwingine. Mimi nilitoka kidogo wiki iliyopita, nilikwenda Hartford kwa basi kumwona rafiki yangu Maybelle wa kwaya ya zamani. Safari njema. Baridi ya ndani ya basi ingehifadhi samaki.

Fulana ziko tayari. Ni za zambarau, na mgongoni zimeandikwa UZAO WA KEZIAH kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani. Earline, ambaye si ukoo wetu hata kwa chanjo, ameomba moja.

Nyuki hatuwaogopi. Haja tutajisaidia vituo vya mafuta njiani, na jiko likiwa duka tutaingia dukani. Tutafika Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Saa nane kamili mchana tutakuwa ghorofani, kwenye kile chumba cha dirisha dogo.

Kula, mwanangu. Naona umekonda.

Shangazi yako,
Odessa


Wexbury, Connecticut
5 Julai 1993

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitauliza siku nyingine.

Sikukwambia saa nane. Sikukwambia chumba cha dirisha dogo. Na hujaniona tangu Krismasi ya mwaka juzi, hata uone nimekonda. Na kutoka Hartford hadi hapa si mbali, kwa hiyo sitakuuliza kama Maybelle hajambo.

Basi acha niseme. Kila siku isipokuwa Jumatatu, saa nane mchana, nakufa. Navaa gauni la kulalia na kilemba, nalala kwenye kile kitanda, Bi Thayer anasoma ukurasa wa mwisho, mimi nasema, "Nawasamehe ninyi nyote," kichwa kinaanguka upande wa dirisha. Nilianza kama mwongoza wageni kweli. Kisha Daktari Prentiss akaniita, akaniambia historia hai ndiyo mtindo siku hizi, na kwamba mimi nina uso unaofaa. Nilimweleza Keziah hakufa hapa. Akasema jambo hilo linavutia sana, akaliandika kwenye kijikaratasi, akakitia mfukoni mwa koti ambalo sijaliona tena.

Na kuna kitu kigumu zaidi kukisema. Naweza, Shangazi. New York nilihangaika miaka minne kwenye majaribio ya uigizaji, nikapewa kubeba trei. Hapa watu wazima wanatoka chumbani wameshikana mikono. Wengine wanapiga makofi halafu wanaona haya. Ni mara ya kwanza maishani mwangu naweza kitu na watu wanaona kwamba naweza. Kila siku nikifumba macho najua ninayemuua ni mwanamke aliyetuzaa sote, nami nikiwemo, na bado nafumba vizuri.

Nakuomba, mkija, kaeni bustanini. Usimpandishe Mjomba Lucius juu. Mwambie naumwa.

Charisse


Xenia, Ohio
11 Julai 1993

Charisse,

Basi limekodiwa. Lucius ameshavaa fulana yake na hataki kuivua hata ya kufuliwa.

Vaa soksi. Miguu yako ilikuwa wazi, na hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kulala miguu wazi katika nchi ya baridi kama hiyo.

Shangazi


Wexbury, Connecticut
9 Agosti 1993

Shangazi, shikamoo.

Natumaini mlifika salama na kifua cha Mjomba hakijambo. Mliondoka nikiwa bado ofisini kwa Daktari Prentiss, nikasikia honi tu. Kwa hiyo nakuandikia ulichokiona jinsi kilivyokuwa upande wangu, yaani kutoka kitandani, macho yamefumbwa.

Bi Thayer alikuja mbio kabla ya saa nane. "Charisse, kuna kundi! Kubwa! Wamevaa sare!" Alidhani ni kwaya, akaenda kujipaka poda. Mimi nilitegemea kelele. Nawajua, nyumba nzima ingewasikia mkishuka basi. Lakini mlipanda ngazi kimya kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa, na kimya hicho ndicho kilichonitia hofu. Chumba kikajaa, wengine wakabaki ngazini, wengine uani chini ya dirisha. Mbele kabisa, karibu na kamba, walikuwepo mume na mke kutoka Vermont, mke ameshakunjua leso.

Bi Thayer akasoma mpaka pale pake. "Na hapa, juu ya kitanda hiki hiki, Selah, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Keziah, alikata roho, bila mume, bila mtoto, bila mtu yeyote duniani." Akanyamaza ili alie.

"Samahani, mama," nikasikia sauti ya Mjomba Lucius.

"Ndiyo, bwana?"

"Umesema bila mtoto?"

"Kwa masikitiko makubwa, bwana. Ndiyo."

"Hata wa kusingiziwa?"

"Hata mmoja."

"Basi niruhusu dakika moja nihakikishe." Akakohoa, kisha akapaza ile sauti ya mkutano ambayo sikujua bado anayo. "Uzao wa Ezra!"

"Tupo!" Hao walikuwa nyuma ya Bi Thayer. Nilisikia boneti yake ikigeuka.

"Uzao wa Naomi!"

"Tupo!" kutoka ngazini.

"Tafadhali msiguse kamba," Bi Thayer akasema, ingawa hakuna aliyeigusa.

"Uzao wa Josiah!"

"Tupo!" kutoka kule chini dukani. Hao wa Josiah ukiwakosa mahali watafute penye vitu vya kuuzwa. Wengine wakaitikia kutoka uani, sauti zikaingia kwa dirisha, na kitanda kilikuwa kinatetemeka, au mimi ndiye niliyekuwa natetemeka, sijui. Nilikuwa nabana kicheko na kilio pamoja, na maiti haruhusiwi hata kimoja.

"Uzao wa Lavinia!"

Kimya. Nikangoja sauti yako. Sauti yako haijawahi kungoja kualikwa, Shangazi. Nilijua umesimama karibu kwa sababu nilisikia harufu ya mafuta ya kafuri unayopaka goti.

"Lavinia," Mjomba akarudia, chini chini, kama mtu anayesoma jiwe la kaburi.

Ukakohoa. Ukanyamaza tena.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ilikuwa ya kuwasamehe watu wote. Sikuisema. Nilisema, "Tupo." Ilitoka ndogo. Nikaketi kitandani nikaisema tena, na safari hii nadhani hata wa Josiah waliisikia. Mama wa Vermont alipiga yowe. Mume wake akafungua kijitabu cha wageni kutafuta tulipofika. Bi Thayer akawa anasema, "Hili halimo, hili halimo," na Mjomba Lucius akaivuka kamba, ile kamba, akanifinya sikio mpaka machozi yakanitoka. Ulikuwa unatazama dirisha. Ulitazama dirisha muda wote.

Ofisini Daktari Prentiss alikuwa na huzuni ya kweli. Wale wa Vermont walidai kiingilio chao, kwa sababu hakuna aliyekufa. "Hatudharau mapokeo ya familia yenu," akaniambia, "lakini kitanda kimo kwenye kitabu cha mwongozo."

"Daktari, ushahidi umesimama uani kwako unakula kuku."

Akauliza, "Huko Ohio, je, aliugua? Aliteseka angalau kidogo?"

"Aliwatesa wengine," nikamwambia.

Mwisho akanipa pendekezo. Siku za shule niendelee kufa, kwa sababu watoto wa msimu wa vuli wameshaandikishwa. Jumapili mchana Keziah aruhusiwe kuishi, kwa majaribio. Amenipa muda hadi mwisho wa mwezi. Sijamjibu. Najua ungependa ningemjibu pale pale, lakini Xenia ni nani atakayenipigia makofi? Nikija huko nitakuwa msichana aliyeshindwa New York.

Charisse


Xenia, Ohio
22 Agosti 1993

Charisse mwanangu,

Marahaba. Tulifika salama. Earline alinunua ile mishumaa ya Dhamiri akaiwasha kanisani, na kweli hainuki chochote. Lucius analala mpaka saa nne asubuhi, kazi yake imekwisha, na ananiambia nisimwamshe isipokuwa kwa chakula. Akiulizwa jiko lilikuwaje anasema lina taulo nzuri.

Nilikohoa kwa sababu chumba kile kina vumbi. Ndivyo nitakavyosema hata mbinguni, usiniulize tena.

Lakini la Juni nitakwambia. Nilikata tiketi kama mtu yeyote, nikasimama nyuma ya mama mwenye kofia pana. Nilikuja nimejiandaa kukasirika, nilikuwa nimepanga maneno tangu kituo cha basi. Halafu ukafa, nikalia. Mimi Odessa, ambaye nilibebwa mgongoni na Lavinia mwenyewe, nilimlilia mama yake Lavinia kwamba amekufa hana mtoto, mpaka mgeni wa pembeni akanipa leso yake. Nilitoka bila kukusalimia kwa sababu nilikuona haya. Nikarudi Hartford nikamwambia Maybelle pua ni ya baridi ya basi.

Kwa hiyo siwezi kukwambia huna kipaji. Unacho, tena kikubwa, na hicho ndicho kinachonitisha. Kilinifanya kwa dakika nzima nisadiki kwamba mimi sipo. Watu wale wa Wexbury wanakupenda, naliona hilo, ila wanakupenda ukiwa umelala. Uamuzi ni wako na sitauandika mimi. Xenia hatuna makofi, ni kweli. Huku mtu akisema jambo watu huitikia tu, na wakati mwingine huitikia wasipoulizwa.

Baba yako angekuwa na la kusema, lakini pengine angelisema Jumamosi, na Jumamosi hatukuwa tunamsikiliza.

Shangazi yako,
Odessa


Wexbury, Connecticut
3 Oktoba 1993

Shangazi, shikamoo.

Majani ya huku yamegeuka rangi na magari ya kuja kuyatazama yamejaa barabarani. Watu wa hapa wanapenda sana kitu kikiwa kinakufa kwa uzuri. Mimi sijambo.

Nilimwambia Daktari Prentiss kwamba Keziah haishi kwa majaribio. Alinisikitikia, akanipa mkono, akanizawadia kitabu chake cha mapazia. Kwa ajili ya watoto wa shule wamepata sanamu ya plastiki kutoka duka la nguo lililofungwa New Haven. Ilikuwa ya kizungu, wameipaka rangi ya viatu. Wameivisha soksi, maana Bi Thayer anasema kuna mama mmoja wa fulana ya zambarau alimsema vibaya sana kuhusu miguu. Wageni wanaipenda. Wanasema ina utulivu, na haiamki.

Jana nilikwenda nikakata tiketi. Niliingia kwa mlango wa mbele, mara yangu ya kwanza, nikasimama nyuma ya kamba na walimu wastaafu. Bi Thayer akasoma. Alipofika "bila mume, bila mtoto" akaniona. Sikufanya lolote, Shangazi, nakuapia. Sikuinua mkono wala sikukohoa. Nilisimama tu, mzima, mahali anaponiona. Hakulia pale anapolia. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya boneti, akaivaa.

"Inasemekana," akasema.

Kisha akaendelea mpaka mwisho kama siku zote, na wale wengine hawakugundua kitu, wakalia. Ni neno moja. Imewachukua miaka mia moja na arobaini, wamekubali neno moja, na nililisikia kwa masikio yangu.

Basi langu linafika Jumanne asubuhi. Sijui nitafanya kazi gani, na mwambie Earline aulize kwa sauti ili nimjibu mbele ya watu. Wewe uniwekee chakula. Nimekufa sana mwaka huu, Shangazi, nina njaa.

Ni mimi binti yako,
Charisse